Kofia Iliyoimba Siku ya Gusaba

Mume wangu Evode ana masikio makubwa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani tatizo lilikuwa la maumbile. Masikio yapo, mawili, yamesimama vizuri kila upande wa kofia yake ya kahawia, na kwa miaka mingi yalikuwa masikio yaliyotafutwa kuliko yote, tangu tulipokuwa tukiishi Masisi, upande wa Kongo, mpaka tuliporudi hapa Majengo, Gisenyi, upande wa Rwanda, mwaka 1996. Ukiwa na binti wa kuozesha, ulimwita Evode. Ukiwa na kijana anayetaka kuoa, ulimwomba Mungu wale wa upande wa pili wasiwe wameshamwita.

Kazi inayotulisha ni viazi. Anavinunua kule juu Mudende, anavileta kwenye stoo yetu nyuma ya nyumba, na Abdu, mdogo wangu anayeishi Goma, anavivusha mpaka. Lakini viazi havikumpa jina. Jina alilipata kwenye gusaba, yaani siku ya posa, ambapo familia mbili hukaa zikitazamana chini ya maturubai, moja ikiomba mke na nyingine ikijifanya haijui inaombwa nini. Kila upande una msemaji wake. Mmoja anaomba, mwenzake anamwekea vikwazo: binti huyo hatumjui, binti tumeshampa mtu mwingine, babu yenu aliazima jembe letu mwaka wa njaa na hatujaliona tena. Ni mchezo, lakini mchezo wenye meno. Neno likishatoka kinywani mwa msemaji mbele ya wageni, halirudi. Nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja wa Nyamyumba, msemaji wa upande wa bwana harusi, akipitiwa na usingizi kidogo tu. Alizinduka akaitikia "ndiyo" mahali pa "hapana", na ukoo wake ukatoa ng'ombe wa pili ambaye hakuwa kwenye mpango. Mpaka leo wajukuu zake wanamwita Ndiyo.

Evode hakupitiwa hata siku moja. Alikuwa na utaratibu wake. Alishika leso nyeupe mkononi, ile ya kufutia jasho, na kila swali la upande wa pili lilipotua, alifunga fundo. Akishalijibu, anafungua. Aliweza kukaa saa nne bila kugeuza shingo, bila kunywa hata tone, macho kwa anayesema na vidole vikifanya kazi vyenyewe. Mwisho wa shughuli aliinyanyua leso juu, imenyooka, haina fundo hata moja, na watu wakapiga makofi na vigelegele.

Aliyeijua leso ile kuliko wote ni Umuhire, binti wa kaka yake. Baba yake alifariki tukiwa bado Masisi, mama akamfuata mwaka uliofuata, na mtoto akaletwa kwetu akiwa na miaka tisa. Alikuja na sanduku la mbao na ukimya. Miezi miwili hakusema neno. Mimi nilijaribu maandazi, nikajaribu nyimbo, nikajaribu hata kugomba. Evode akampa leso. Akamwambia, ukiwa na jambo moyoni, funga fundo uniletee. Na siku mtoto alipomletea fundo la kwanza, Evode aliliacha gunia alilokuwa akilipima, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi, akauliza, "Mama, iko nini ndani?"

Ndipo Umuhire akaanza kusema. Sikumbuki fundo lile lilikuwa na nini, nadhani ni mambo ya mbuzi. Nakumbuka tu kwamba tangu siku hiyo nilimsamehe Evode mambo mengi, mengine hata kabla hajayafanya.

Halafu vyombo vikaingia nyumbani.

Kwanza ilikuwa saa ya namba, ile isiyo na mishale, aliyoinunua Goma mwaka 1997. Ilikuwa na vitufe vya kufanyia hesabu, vidogo mno, ikabidi avibonyeze kwa kijiti cha meno. Kila saa ilipokamilika ililia pi-pi. Ililia matangani. Ililia kanisani padri alipoinua kikombe, na Evode badala ya kuinamisha kichwa akaangalia mkono, kana kwamba anahakikisha Mungu hakuchelewa. Mimi ni Mwislamu, sikuwepo, lakini dada zake waliniletea habari hiyo hata misa haijaisha vizuri.

Saa nikaivumilia. Mwaka 1999 ikaja simu ya mkononi.

Abdu ndiye aliyemletea, kwa ajili ya kazi, eti wapigiane kuhusu viazi badala ya kutumiana watu mpakani. Ilikuwa nyeusi, nzito kama mche wa sabuni, na mkia mfupi juu. Uani kwetu palikuwa na sehemu moja tu iliyopata rezo nzuri, yaani mtandao wa simu: jiwe lililo karibu na jiko, ambalo kuku wangu mwekundu alilizoea kwa mapumziko. Kuku alihamishwa. Kuanzia hapo, ukimtafuta Evode ulimkuta juu ya jiwe, mkono mmoja kiunoni, akipiga kelele hadi mtaa wa pili, maana siku zile tuliamini kwamba Goma ikiwa mbali lazima sauti ipandishwe.

Hiyo nayo ningeivumilia. Kilichonishinda ni nyoka.

Ndani ya simu ile mlikuwa na mchezo wa nyoka. Nyoka anatembea, anakula kidoa, anarefuka. Anakula kingine, anarefuka tena, mpaka anakosa pa kupita, anajing'ata mkia na kufa. Ni hivyo tu. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, baba wa watu, mkwe wa watu, alikaa juu ya jiwe la kuku akisukuma nyoka kwa kidole gumba, ulimi nje. Nyoka akifa, anashtuka na kusema "Yewe!" kwa uchungu ambao hakuwahi kuuonyesha hata magunia yake yaliponyeshewa.

Na masikio yakafungwa. Nilimjaribu.

"Evode, jiko linaungua."

"Sawa."

"Evode, mi naondoka, naolewa na muuza makaa."

"Bon, muzuri. Umusalimie."

Ningecheka, na mara nyingine nilicheka kweli. Lakini Umuhire hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, muuguzi kwenye zahanati, na watu wa Majengo walikuwa wameshaanza kumhesabia. Amekaa sana, walisema kwenye bomba la maji. Mchumba wa kwanza vita vilimmeza, wa pili alioa kwingine, na yeye akaendelea kuchoma watu sindano kwa mkono mwepesi. Ndipo akatokea Shema, mpimaji wa ardhi, mtoto wa waliorudi kutoka Tanzania, mrefu na mwenye haya. Nilimpenda kwa sababu alimsikiliza Umuhire mpaka mwisho wa sentensi. Akatuma ujumbe kwamba watu wake watakuja kuomba, Jumamosi ya pili ya Agosti, mwaka 2000.

Msemaji wao alikuwa mjomba wake, Mwalimu Kagabo. Huyo alifundisha Kiswahili huko Karagwe miaka ishirini na sita, na alipofika Gisenyi Kiswahili chetu kilimpa homa. Sokoni alisimama kuwasahihisha wauza nyanya. "Mtu si 'ile', mama. Mtu ni 'yule'. Kiazi ni 'kile'. Nyanya ndiyo 'ile'." Wauza nyanya walimtazama, wakamwongezea nyanya moja aende zake. Kwetu mpakani kila kitu ni "ile" na kila kitu "iko". Mutu iko, kiazi iko, Mungu iko, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Mwishowe Kagabo alikata tamaa, akajifunza kutuelewa. Mkumbuke hiyo "ile" yetu, maana ndiyo iliyotuponza.

Siku moja kabla ya gusaba, alasiri, nikiwa jikoni nakaanga sambusa, nilimwona Umuhire kupitia dirishani akienda kwa Evode pale kwenye jiwe. Alisimama mbele yake akasema kitu. Mafuta yalikuwa yanalia, sikusikia. Niliona tu Evode akiitikia kwa kichwa mara tatu, kidole gumba kikiendelea na safari. Umuhire akangoja kidogo. Halafu akarudi ndani taratibu.

Nikatoka na kijiko. "Amekuambia nini?"

"Nani?" akasema Evode.

Jioni hiyo hiyo nilimwapisha. Umuhire mwenyewe aliniomba: "Mama mudogo, kesho ile simu isikuwe pale. Siku moja tu." Evode akaapa kwa jina la kaka yake. Na asubuhi, kwa kuwa nimekaa naye miaka mingi, nilimpekua. Koti, suruali, soksi, hata chini ya ule mgolole aliofunga begani. Hamna kitu. Akanitazama kwa huzuni ya mtu anayeonewa, akaweka kofia yake sawasawa, akatoka kwenda kukaa kwenye kiti cha msemaji.

Kofia sikuipekua. Nani anapekua kofia?

Wageni walifika saa tano. Mia mbili kwa kukadiria, wa kwao na wa kwetu, na nusu ya wetu walikuwa ndugu zangu waliovuka kutoka Goma, wote ila Abdu aliyebaki na biashara, kwa hiyo siku hiyo Kinyarwanda na Kiswahili vilikaa benchi moja. Mimi nilikuwa chumbani na Umuhire, nikimfunga mushanana, vazi la sherehe, begani, na dirisha lilikuwa wazi nyuma ya pazia. Tulisikia kila kitu. Saa nzima Evode alikuwa Evode yule wa zamani. Kagabo aliuliza, Evode akafunga. Evode akajibu, akafungua. Kagabo akasema wamefuata harufu ya ua zuri, Evode akamwambia hapa tunapanda vitunguu. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Umuhire alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, na alikuwa akitabasamu.

Ndipo Kagabo akasimama na kusema kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, "Waheshimiwa, tumepokelewa, tumekunywa, tumeshukuru. Sasa tunaomba kujua jambo moja. Huyo binti tuliyemfuata, yupo? Na kama yupo, hali yake ikoje?"

Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Evode alifunga fundo. Akakohoa kidogo, kama kawaida yake kabla ya jibu kubwa.

Na kofia ikaanza kuimba.

Iliimba wimbo ule wa simu, ti-ri-ri-ri, juu ya kichwa cha msemaji wa familia, mbele ya watu mia mbili. Kama angekaa kimya, tungesema ni ndege. Lakini mkono wa Evode ulikuwa umeshazoea. Ulipanda wenyewe, ukachomoa simu kutoka ndani ya kofia, alikokuwa ameifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kwa kuwa pale chini rezo ilikuwa haba, mume wangu akapanda juu ya kiti.

"Allô! Abdu! Minakuskia, sema!"

Sauti yake mnaijua sasa. Hakuna aliyekuwa na haja ya kutega sikio.

"Eee, iko! Iko hapa kwa nyumba!"

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni mtindo mpya: wameuliza kama binti yupo, na msemaji anawajibu kwa njia ya kisasa. Mama mmoja wa upande wao alipiga hata kigelegele.

"Ile ya mukubwa? Iko. Lakini mi nakuambia ukweli, we ni shemeji yangu. Ile imekaa sana. Imekaa mupaka imeanza kuota!"

Makofi yakapungua.

"Hapana, haijaoza! Ngozi tu ndiyo imejikunja kidogo. Ndani iko muzuri! Donc kuya ubebe leo, sitaki ikae tena hapa. Ukikataa, kesho naipeleka Mahoko kwa soko. Kule banakamata yote!"

Simu ikakatika. Evode akabaki juu ya kiti, akiangalia kioo, kisha akaangalia watu. Niliona akili ikimrudia polepole, ikipanda kutoka miguuni.

Kwa Kiswahili cha Kagabo, angesema "kile kimeanza kuota", na kila mtu angejua ni kiazi. Kwa chetu, hakuna aliyeweza kujua. Majirani walikisia, lakini wageni, ukimtoa Kagabo, hawakujua hata kama Evode anauza viazi. Walichokijua ni kwamba wameuliza hali ya binti, na baba yake mdogo amesimama juu ya kiti na kutangaza kwamba amekaa sana, amejikunja ngozi, na asipochukuliwa leo atapelekwa sokoni Mahoko. Wamama wa upande wao walianza kuvuta mikoba yao karibu. Shema alikuwa ameinamisha kichwa.

Nyuma yangu Umuhire alikaa kitandani. Akagusa shavu lake.

"Mama mudogo," akasema, "nimejikunja?"

Nilikasirika. Kama si desturi, ningetoka pale nikamshusha mume wangu kwenye kiti kile kwa mwiko.

Nje, Kagabo alisimama tena. Alijipa muda. Mtu aliyefundisha miaka ishirini na sita anajua kumwacha mwenye kosa alihisi. "Msemaji," akasema, "nauliza kwa heshima. Hicho ulichokitaja, ni kiazi au ni mtu?"

Evode akashuka kwenye kiti. Alikuwa amebanwa, na sisi sote tuliojua desturi tuliona alivyobanwa. Akisema ni mtu, amemtukana binti yetu. Akisema ni kiazi, amekiri kwamba alikuwa akifanya biashara wakati wageni wanaomba mke, na hilo nalo ni tusi la kuwafanya waondoke. Na kulirudisha neno hawezi.

Akaitazama leso yake. Akasema, "Mwalimu, mi niko mutu ya viazi. Neno imetoka, siirudishe. Lakini haijaisha. Ni rezo ndiyo imenikata."

Watu wakacheka kidogo, kwa tahadhari.

"Kule Mudende, kiazi yenye haijaota hatupandi. Ukipanda ile, unavuna udongo. Ile yenye imekaa, imengoja, ngozi imejikunja, ikatoa macho pande zote, ile ndiyo mbegu. Ya kula tunauza, hata Mahoko. Ya mbegu hatuuzi, Mwalimu. Ya mbegu batu banakuyaga kuomba."

Halafu Kagabo akatabasamu kama mtu aliyeona mwanafunzi mzito amepata jibu. "Basi tumekuja mahali penyewe," akasema. "Maana na kijana wetu naye anaota. Anaota kila usiku, anataja jina la mtu, na mama yake amechoka kuamshwa. Kama wote wawili wameota, sisi ni nani tuwazuie?"

Hapo ndipo maturubai yalipotaka kupaa. Makofi, vigelegele, ndugu zangu wa Goma wakapiga meza. Wamama waliachia mikoba. Evode akafungua fundo lake, akajifuta jasho, na nikamwona akirudi kuwa mkubwa kwenye kiti chake. Akaamuru binti aletwe.

Mashangazi wakaanza kuimba mlangoni. Nikamshika Umuhire mkono. Hakuinuka.

"Siende," akasema.

"Mwanangu, amerekebisha. Umesikia alivyosema? Mbegu."

"Nimesikia. Maneno iko nayo. Maneno haijamuishiaga hata siku moja." Sauti yake haikupanda. "Masikio ndiyo haiko nayo."

Ilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimeigeuza kichekesho mwaka mzima. Akaniomba leso yangu. Akafunga fundo moja, akalikaza kwa mikono yote miwili, akanipa. "Umupelekee. Jana nilimuambia neno pale kwa jiwe. Aseme ni neno gani. Akiijua, nitatoka."

Bibi harusi kumwekea kikwazo msemaji wake mwenyewe sikuwahi kuona, na nadhani hata wazee waliokuwepo hawajawahi. Nilivuka ua mbele ya watu mia mbili, mimi mwanamke ambaye nafasi yangu siku hiyo ilikuwa ndani. Nyimbo zikafifia. Nilikusudia kumnong'oneza. Hasira ikanikatalia.

"Hili fundo ni la Umuhire," nikasema, na nadhani walinisikia hata mpakani. "Anauliza: jana alikuambia nini pale kwenye jiwe?"

Evode akalipokea. Akaligeuza. Namjua mume wangu. Niliona midomo yake ikianza kutafuta. Angeweza kubuni. Angesema binti alimshukuru kwa malezi, angesema alimwomba baraka, na watu wangelia machozi ya furaha, na yeye angeinyanyua leso yake safi kama siku zote. Miaka yote ile hakuwahi kukosa jibu mbele ya watu. Nilimwomba Mungu wangu na nikamwomba na wa kwake.

Midomo ikafungika.

"Sikuskia," akasema.

Kagabo akainamisha sikio. "Samahani?"

"Sikuskia." Sasa alisema kwa nguvu, kwa sauti ya simu. "Alikuya akasema neno, mi nilikuwa nacheza nyoka."

Mtu mmoja wa Goma akacheka, akapigwa kiwiko. Evode akaivua kofia. Kofia ile haikuwahi kuvuliwa mbele ya watu isipokuwa kanisani, na kipara chake kiling'aa jua lilipokipata. Akairudisha simu ndani ya kofia, akaiweka kofia chini kwenye nyasi, chali. Kisha akatembea hadi chini ya dirisha letu, na fundo mkononi, na mzee yule mwenye magoti mabovu akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya sherehe.

"Mama," akasema kuelekea pazia, "iko nini ndani?"

Pazia halikutikisika.

"Nilikuambia, baba mudogo," ikaja sauti ya Umuhire, sauti ndogo ya mtoto wa miaka tisa, "kesho nikitoka kwa mulango, uniangalie. Baba yangu haiko wa kuniangalia. Ni ile tu."

Evode alihangaika na lile fundo. Vidole vilimshinda, akatumia meno. Lilipofunguka, alisimama kwa kushika ukuta, akaenda kusimama mbele ya mlango, mikono imening'inia, kichwa wazi.

Umuhire akatoka.

Alikuwa mzuri, jamani. Siwezi kusema kingine. Alishuka kizingiti, mashangazi nyuma yake wakikumbuka ghafla kwamba walipaswa kuimba, na Evode akamwangalia. Hakuwatazama wageni kujua kama wameona. Hakunitazama mimi. Alimwangalia kama alivyokuwa akimwangalia mtu anayesema naye kwenye gusaba zake zote, shingo haigeuki.

Na kofia ikaanza kuimba kwenye nyasi.

Ti-ri-ri-ri. Abdu, Mungu amsaidie mdogo wangu, alikuwa anataka kujua alete gari saa ngapi. Watu wote wakaangalia kofia. Wakamwangalia Evode. Ikaimba mpaka ikachoka, ikanyamaza, ikaanza upya. Umuhire alisita hatua moja, macho yakaenda kwenye nyasi, yakarudi kwa baba yake mdogo. Evode hakupepesa. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola na hakuyafuta, ingawa leso ilikuwa mkononi. Ndipo Umuhire akacheka, kicheko chake cha kweli, akaendelea kutembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake ni hatua kumi na nane. Kofia iliimba zote.

Abdu alifika mwenyewe alasiri, amefura, akauliza kwa nini mtu anapigiwa mara saba hapokei na viazi havijapakiwa. Nikamkalisha, nikampa sambusa. Viazi vile hakuvipata. Evode alishavitenga, magunia mawili ya mbegu, kwa ajili ya shamba la Shema.

Simu bado anayo. Mkitaka kuniuliza kama ameacha nyoka, hajaacha, na kuku wangu hajarudishiwa jiwe lake. Lakini Umuhire akija kututembelea na kusimama pale uani, leso mkononi, fundo moja, Evode anaweka simu chini hapo hapo, bila kuangalia, na nyoka anajing'ata mkia peke yake.